Mlango wa Mama Juu ya Lori

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nitamfupishia. Mimi ni msanifu wa majengo. Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kuchora nyumba ambazo mwenyewe nisingekubali kulala ndani yake: bati juu, joto ndani, feni ikizungusha hewa ile ile ya moto mpaka asubuhi.

Kisha nikaachishwa kazi, kwa sababu ambazo nimekwisha kuzieleza na sitazirudia maana zinanipandisha presha. Mume wangu ni mkandarasi. Akaniambia, "Basi chora yetu."

Nikachora yetu. Nyumba yenye bustani juu ya paa, udongo ule uzuie jua lisitukaange. Na karibu kila kilichomo kimetoka kwenye majengo yaliyovunjwa. Matofali ya ghala la zamani. Madirisha ya posta iliyofungwa. Sakafu ya vipande vya vigae ambavyo wenye duka walikuwa wanakwenda kuvitupa. Majirani wakasema tunajenga jalala. Nikawaacha waseme. Mdomo wa jirani hauna kufuli.

Wiki iliyopita niliishia pale lori la mbao chakavu lilipoingia kiwanjani kwetu. Niliinua macho, na juu kabisa ya mzigo nikauona mlango wa mbele wa nyumba ya mama yangu.

Sikuufananisha. Mlango ule una kiraka. Kaka yangu mkubwa aliupiga teke enzi za ujana wake, siku aliyokatazwa kwenda disko, na baba akaziba tundu kwa kipande cha ubao mweupe. Baba alikuwa karani, si seremala. Kiraka kikakaa mshazari, kama kibao cha duka kilichoponyoka msumari mmoja. Hakuna milango miwili ya namna hiyo duniani.

Na nyuma ya mlango huo ndiko mama yangu alikokuwa akiishi.

"Huo mlango umeutoa wapi?" nilimwuliza dereva.

"Subiri tufungue kamba, Injinia." Mafundi na madereva wote huniita Injinia. Nimechoka kuwasahihisha. "Umetoka kwenye nyumba iliyovunjwa jana. Mbao safi sana, hazijaguswa na mchwa. Bosi mwenyewe ndiye aliyetuelekeza."

"Bosi yupi?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake mzazi. "Bosi. Mumeo."

"Na aliyekuwa anaishi humo?"

"Hatukukuta mtu. Hata mapazia yalikuwa yameshatolewa."

Nikampigia mama simu. Yule dada wa kwenye mtambo, mwenye adabu kuliko watu wote, akaniambia mteja hapatikani. Nikapiga tena. Akaniambia vile vile, kwa sauti ile ile, kama vile hakuna lililoharibika duniani. Nusura niitupe simu kwenye pipa la saruji.

Mume wangu alikuwa ndani. Nilimkuta amepiga magoti, penseli sikioni, anapima kingo za dirisha huku akipiga mluzi. Mlango nilikuwa nimeshauona, lakini ni ule mluzi ulionimaliza.

"Nyumba ya mama imevunjwa," nikasema.

Mluzi ukakatika. Hakugeuka haraka. "Nilitaka kukwambia jioni."

"Niambie sasa. Jioni nitakuwa nimeshamuua mtu."

Akasimama, akajipangusa magoti, goti moja kisha la pili, kwa uangalifu wa mtu anayetafuta maneno kwenye suruali. "Kaka yako anajenga nyumba za kupangisha pale. Ghorofa. Kazi nimepewa mimi. Na mama anakuja kukaa na sisi. Si wewe uliyesema chumba cha chini, kile cha upande wa upepo, kitamfaa?"

"Nilisema kitamfaa akitaka. Nani alimwuliza kama anataka?"

"Kaka yako."

"Na mimi nani aliniuliza?"

Hapo akaona njia nyingine. "Mke wangu, hizo mbao ni za nyumba ya baba yako. Zingekwenda kuwa kuni za watu. Nikasema bora zije kwako. Si wewe mpenzi wa vitu vya kale?"

Naomba msomaji ayasikie maneno hayo vizuri. Mtu alikuwa amevunja nyumba aliyokuwamo mama yangu, akaniletea mlango wake kama zawadi, na alikuwa anasubiri nimshukuru.

"Mimi naokota vilivyobomoka," nikamwambia. "Sibomoi ili niokote. Mama yuko wapi?"

"Kwa kaka yako. Alimchukua juzi. Ataletwa chumba kikimalizika."

Nilitoka, nikasimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita, nikamwambia kijana akanyage. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu. Yule kijana alidhani namsemesha yeye, akawa anaitikia ndiyo, ndiyo, mpaka tukafika.

Nyumba haikuwepo.

Nimekaa kwenye kazi ya majengo muda wa kutosha kujua nyumba iliyovunjwa inafananaje. Nimesimama kwenye vifusi vya watu wengi, nikachagua tofali hili, nikaacha lile, nikapatana bei huku nikitafuna karanga. Sikujua kwamba kifusi cha kwenu kinanuka jiko la kwenu. Sakafu nyekundu ya jikoni ilikuwa bado ipo, imeanikwa juani kama kidonda.

Kaka yangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya ule uwanja, kofia ngumu ya njano kichwani. Tangu utotoni tunamwita Mwenyekiti. Baba alipokufa, hata arobaini haijafika, yeye alikuwa ameshahamia kwenye kiti cha baba mezani, na hakutoka tena.

"Mdogo wangu, karibu," akasema. "Angalia unapokanyaga, kuna misumari."

"Mama yuko wapi?"

"Kwako."

"Kwangu wapi?"

"Kwako nyumbani. Shemeji alimfuata juzi."

"Shemeji yako anasema yuko kwako."

Hapo ndipo Mwenyekiti aliponyanyuka kitini.

Akatoa simu, akampigia mume wangu, akaweka sauti ya nje ili nisikie mwenyewe. Afadhali asingefanya hivyo.

"Shemeji, mama si uko naye?"

"Mimi? Si ulisema utapita naye wewe kwa kuwa una gari?"

"Nilisema kama utashindwa. Ukashindwa?"

"Hukuniambia nikwambie kama nimeshindwa."

Nikasimama pale nawasikiliza wanaume wawili, watu wazima wenye ndevu, wanarushiana mama yangu kama mpira ambao kila mmoja anaogopa usije ukamwishia miguuni. Wote wawili walikumbuka mbao. Walikumbuka lori. Walikumbuka kutafuta watu wa kuvunja na kamba za kufungia mzigo. Mama wa kuzaa hakukumbukwa na mtu.

Naungama jambo moja hapa. Niliinama, nikaokota nusu tofali. Sikuwa nimepanga kulifanyia nini, ila mkono ulikuwa na mipango yake.

"Weka chini hilo tofali," kaka akasema.

"Ni la nyumba ya zamani. Mimi hukusanya vitu vya nyumba za zamani, hujaambiwa?"

"Mdogo wangu, tuzungumze kama watu wazima."

"Mtu mzima hapa alikuwa mama. Mmempoteza."

Akarudi nyuma hatua moja, kiti kikaanguka. Sijui ingekuwaje kama isingekuwa sauti iliyotoka upande wa uzio.

"Binti, weka hilo tofali. Mama yako hajafa, na huyo hastahili wewe kufungwa kwa ajili yake."

Alikuwa jirani, mama wa cherehani. Ameshona nguo za shule za mtaa mzima, zangu zikiwemo. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwake, pini zimebanwa kwenye kola.

"Shikamoo Mama. Amekwenda wapi?"

"Marahaba. Ametoka sasa hivi. Wewe unaingia, teksi inatoka, mmepishana. Tangu juzi alikuwa kwangu."

"Kwako?"

"Sasa angelala wapi? Huyu alimwambia mumeo atakuja, mumeo hakuja. Alikaa juu ya sanduku hapo nje mpaka jua likazama. Nikamwambia, shoga, ingia ndani, watoto wa siku hizi wana shughuli nyingi." Alisema hivyo bila kumtazama kaka yangu, lakini kila neno lilikwenda kumwangukia yeye. "Simu yake aliifungasha kwenye masanduku, na masanduku yamepandishwa lori. Na jana walipokuwa wanavunja, alikaa dirishani kwangu akatazama mwanzo mpaka mwisho. Mwanawe alikuwa hapo hapo chini na kofia yake. Hakuinua kichwa hata mara moja."

Kaka akaanza kusema kitu. Nikamwonyesha tofali, akanyamaza.

"Amekwenda wapi kwa teksi?"

"Kwako, kwenye ujenzi. Amevaa gauni lake la harusi za watu, amebeba na ndoo zake za miche. Nikamwuliza, shoga, gauni hilo na udongo wapi na wapi? Akasema anakwenda kuangalia nyumba ya mwanawe, apate kujua yake itakavyokuwa."

"Yake ipi?"

Mama wa cherehani akanishangaa. "Si ile uliyomchorea?"

Sikuwahi kumchorea mama nyumba. Nitasema na hili, maana ndilo linaloniuma mpaka leo. Nimewachorea wenye hoteli, wenye maduka, na mtu mmoja aliyetaka banda la mbwa lenye veranda. Mama hakuwahi kuniomba, na mimi nilidhani nyumba anayo.

"Mama, nani amekwambia nimemchorea?"

"Ameuonyesha mchoro mtaa mzima. Una miti juu ya paa. Nikamwambia labda umechorwa na mtu mwingine, akanikatalia. Akasema, huu ni mkono wa mwanangu, tangu mdogo majani huyachora kwa vidoti."

Nikamgeukia kaka yangu. Alikuwa ameivua ile kofia, anaitazama ndani kama vile ina maandishi.

"Sema."

"Alikuwa hataki kutoka," akasema. "Nimembembeleza mwaka mzima. Akaniambia, sitoki humu mpaka nione ninapoingia. Basi nikamwonyesha."

"Ukamwonyesha nini?"

"Mchoro."

"Mchoro wa nini?"

"Wa nyumba yako. Nikamwambia umemchorea yeye, na kwamba atajengewa hapa hapa, pembeni, kwenye kona ya bustani." Akavaa kofia tena, na ilipotua kichwani na ujeuri ukamrudia. "Na wewe usiniangalie hivyo. Bibi mmoja kukaa peke yake katikati ya kiwanja chote hiki ni hasara. Nyumba ndogo haizalishi."

"Kumbe alikuwa ni wa kuzalisha."

"Sikusema hivyo."

"Umesema."

Mchoro ule upo mahali pawili tu. Upo kwenye kompyuta yangu, na upo kwenye karatasi kubwa ambayo mume wangu hutembea nayo kwenye ujenzi, ameizungushia mpira. Sikuuliza kaka aliupata wapi. Nikalibwaga lile tofali mbele ya viatu vyake, nikamwomba mama wa cherehani aniombee gari kwa mtu yeyote, na nikaondoka.

Nilipofika kwetu, lile lori lilikuwa limeshashusha mzigo. Mlango wa mama ulikuwa umeegemezwa ukutani, kiraka kimetazama barabara. Mume wangu alikuwa amesimama chini ya ngazi. Uso wake ulikuwa na rangi ya chokaa.

"Yuko juu," akasema.

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini? Nimempa kiti. Akasema hakufuata kiti."

"Mchoro wangu ulimpa kaka yangu?"

Akafumba macho. Mwanamume akifumba macho kabla ya kujibu, jibu umeshalipata. Nikampita.

Ngazi ya kwenda juu niliichora kwa vidato vifupi na vipana, mtu mwenye magoti mabovu aweze kupanda bila kushika ukuta. Nikiwa napanda nikajiuliza nilikuwa namfikiria nani siku nilipoichora. Jibu lilikuwa juu, limenipa mgongo.

Mama alikuwa amevua viatu. Gauni la harusi za watu alilikunja na kulichomeka kiunoni, miguu yake imezama kwenye tuta la kwanza, lile lililo juu ya ukuta mnene ambako niliruhusu udongo uwe mwingi. Sehemu nyingine zote udongo ni mwepesi, umechanganywa na pumba za mpunga, chini yake kokoto, chini ya kokoto lami, maji yapite bila kutulowesha vitandani. Mama hakuwa anajua lolote kati ya hayo. Alikuwa amekwenda moja kwa moja penye udongo wa kina, akapanda mchaichai mstari mmoja ulionyooka kuliko kuta za mume wangu.

"Umechelewa," akasema bila kugeuka. "Mwenyeji hufika kabla ya mgeni."

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unieleze. Yangu itakuwa kama hii, au ndogo zaidi? Maana hii kwangu kubwa. Nitafagia mpaka lini?"

Nikakaa kwenye ukingo wa tuta.

Akachukua ule mchoro kutoka ndani ya mkoba, akaukunjua kwenye magoti yangu, akaukandamiza pembeni kwa viatu vyake usipeperuke. Ulikuwa umekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi sana, mikunjo imeanza kuchanika.

"Sikutaka ivunjwe," akasema. "Usije ukadhani nilitaka. Baba yako alikuwa akitoka kazini anakwenda kusimamia kila tofali, na suti yake. Kaka yako alikuja, akaja, akaja, nikamwambia sitaki. Halafu siku hiyo akaja na hii. Nikatazama miti. Nikaona vidoti." Kidole chake, cheusi kwa udongo, kikagusa mti mmoja wa kwenye karatasi. "Nikasema, kama ni huyu ndiye aliyechora, basi sina hofu. Mapazia nikayatoa mwenyewe."

Wapo watu watakaosoma hapa na kusema, huyu mwandishi angelia. Sikulia. Nilijua kwamba nikifungua mdomo mtaa mzima utajua majina ya ukoo wetu.

"Sasa niambie," mama akaendelea, "chumba changu ni kipi? Ni hiki?"

Kidole kilitua kwenye chumba kikubwa cha juu, kile chenye mlango wa kutokea bustanini. Ni chumba chetu, changu na mume wangu. Nilikichora karibu mara kumi ili kitanda kitazame miche.

Mume wangu alikuwa amefika mwisho wa ngazi. Alisimama nyuma ya mama, akanitikisia kichwa polepole. Usiseme. Usiseme chochote, tutatafuta namna. Macho yake yalikuwa yananiomba nidanganye kidogo tu, mpaka wao wapange uongo mkubwa zaidi.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Ni hicho."

"Na mtaanza lini?"

"Nyumba imeshajengwa. Umesimama juu yake."

Akacheka. Kisha akaona mimi sicheki.

"Hii si yenu?"

"Ni yako. Kona ya bustani hakuna nyumba, Mama. Haikuwepo kwenye karatasi yoyote. Kaka anajenga ghorofa za kupangisha, na kazi amempa mkweo. Huo mchoro ulioonyeshwa ni wa nyumba hii. Walikuonyesha nyumba yangu ili utoke kwenye yako. Basi ingia. Nyumba hii ni yako kuanzia sasa."

Mama aliukunja ule mchoro kwa kufuata mikunjo yake ya zamani, taratibu, akauweka mkobani, akafunga zipu. Kisha akamgeukia mume wangu.

"Mkwe wangu, ni kweli?"

"Mama, si hivyo kama anavyosema."

"Ipi si hivyo?"

Akanigeukia mimi.

"Mke wangu," akaniambia, "njoo chini tuongee."

"Ongea hapa hapa. Chini kwa chini mmeongea vya kutosha."

"Huwezi kumpa mama nyumba hii."

"Kwa nini? Hukutaka aje kukaa? Amekuja. Wewe na mimi tutakaa kile chumba cha upande wa upepo. Si ulisema kinafaa?"

"Sio hilo."

"Ni lipi?"

Akavua kofia yake ya kazi, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeingia msibani. Akamtazama mama, akatazama mchaichai, akatazama kila kitu isipokuwa mimi.

"Mtu hawezi kutoa kisicho chake," akasema.

"Ni chetu."

"Si chetu."

Upepo ulikuwa unapita juu ya paa, ule ule niliouhesabia madirisha. Chini, fundi mmoja alikuwa anang'oa misumari kwenye mbao za nyumba ya baba. Kila msumari ulitoka kwa mlio.

"Ulipoachishwa kazi, ujenzi ulisimama," mume wangu akasema. "Unakumbuka ulivyosimama. Hili paa lilikuwa halijamwagwa zege. Wewe ulikuwa huli, hulali, unashinda unachora bustani. Nikaogopa. Nikamfuata kaka yako. Akasema atasaidia, lakini kiwanja kikae kwa jina lake, mpaka nitakapommalizia ghorofa zake. Nikaona ni ndugu. Nikaona ni karatasi tu. Alipokuja kuomba mchoro, ningemkatalia vipi? Nimkatalie akiwa ameshika hati ya kiwanja?"

"Na hukuniambia."

"Nilitaka kukwambia."

"Jioni?"

Akaizungusha kofia mikononi.

Nimewahi kuwa na hasira na bosi, na wateja, na serikali za mitaa. Zile zote zilikuwa mazoezi. Sasa niliwaona wote wawili vizuri, kaka yangu na mume wangu, wakikaa mahali na chai zao, wanagawana wanawake wawili na viwanja viwili, kila mmoja akiamini ametutendea wema. Mmoja alinipa mlango. Mwingine alimpa mama karatasi.

"Kwa hiyo," mama akasema, na sauti yake ilikuwa tulivu mno, "mwanangu ana kiwanja changu, na ana kiwanja chenu. Na sisi watatu tumesimama juu ya paa la nani?"

Akatoa miguu kwenye tuta, mmoja baada ya mwingine. Akashusha gauni, akafutia mikono hapo hapo kwenye kitambaa cha harusi bila kujali, akavaa viatu vyake. Kisha akakaa kwenye kiti alichokuwa amekikataa, akakigeuza kielekee ngazi.

"Mwiteni," akasema.

Hatukuhitaji kumwita. Chini tulisikia mlango wa gari ukifungwa. Tukasikia fundi akiacha kung'oa misumari, akisalimia kwa unyenyekevu ambao mimi sijawahi kusalimiwa nao kwenye ujenzi wangu mwenyewe.

"Karibu, Mwenyekiti."

Mume wangu akasogea ukutani. Mimi nikasogea karibu na mama.

Viatu vikaanza kupanda ngazi yangu. Hakupiga hodi. Alikuwa anapanda polepole, anagonga ukuta kwa kiganja huku na huku, anasikiliza kama ni imara, kama mtu anayeingia kwake.